Msomi Anayeanguka Njiani

Mwaka 1964 Mwalimu Julius Nyerere alitoa mfano ambao wanachama wa siku nyingi wanaukumbuka hadi leo. Alisema kwamba kijana anayesomeshwa kwa jasho la wananchi ni kama mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwatafutia wenzake. Mtu huyo akila chakula kile kisha asiwaletee wenzake msaada, ni msaliti. Mfano huo ni wa haki, nasi tunaushika. Lakini upo upande wa pili ambao hatujautazama vya kutosha: mtu yule akianguka njiani, si kwa uchoyo wala uvivu, bali kwa kuwa mzigo umemshinda nguvu, kijiji kimfanyeje?

Hilo ni swali la leo katika vyuo vikuu vyetu. Wako vijana wanaopatwa na sonona, na hofu isiyokoma, na kukosa usingizi, hata wengine wakafikia kutaka kujitoa uhai. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba mwaka 2021 watu 727,000 walijiua duniani kote, na kwamba kwa watu wenye miaka 15 hadi 29 hiyo ilikuwa sababu ya tatu kwa ukubwa ya vifo. Na umri huo ndio umri wa wanafunzi wa Chuo Kikuu.

Wako wazee wanaosema kwamba vijana wa siku hizi ni laini, na kwamba maradhi haya yameletwa na simu za mkononi. Hapana shaka simu ina makosa yake, lakini maradhi haya ni makongwe kuliko simu. Mwaka 1960 daktari kutoka Canada, Raymond Prince, aliyefanya kazi Nigeria, aliandika habari za wanafunzi waliomjia wakilalamika kwamba vichwa vinawawaka moto, macho hayaoni maandishi vizuri, na kila wanachokisoma hakiingii. Wengi wao walikuwa wakisomeshwa na ukoo mzima, na ukoo mzima ulikuwa ukisubiri matunda. Wakati huo hapakuwa na simu ya mkononi hata moja. Palikuwapo mzigo ule ule: matumaini ya watu wengi juu ya mabega ya mtu mmoja.

Mzigo huo haujapungua. Fikirini kijana wa kwanza katika ukoo wake kuingia Chuo Kikuu. Baba ameuza ng'ombe, mama amekopa katika kikundi cha akina mama, wadogo zake wanaambiwa kila siku, "Kaka yenu akimaliza, mambo yatakuwa mazuri." Huko chuoni fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, huenda ikachelewa, naye akaingia darasani na njaa. Akishindwa somo anapewa "sapu", yaani mtihani wa marudio. Akishindwa zaidi "anadisko", ndiyo kusema anaondolewa chuoni. Kwake yeye kudisko si kukosa shahada tu. Ni kurudi mikono mitupu kwa watu waliouza ng'ombe. Kwa hiyo hunyamaza. Nyumbani husema kwamba yu mzima, na darasani hukaa viti vya nyuma, mpaka siku moja mwenzake wa chumbani anaona kwamba hali si ya kawaida.

Je, siku hiyo hukutana na nini? Mara nyingi hukutana na karipio: aache kudeka, asali, awafikirie wazazi. Au hukutana na kicheko. Hospitali ya Mirembe iliyoko Dodoma imewatibu watu tangu mwaka 1927, lakini sisi tumeligeuza jina lake kuwa tusi, hata mgonjwa akaona afadhali afe kuliko kuonekana mlangoni pake. Au, baya kuliko yote, hukutana na sheria. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kutoka kwa Waingereza ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ni mkosaji. Waingereza wenyewe waliifuta sheria hiyo kwao mwaka 1961, miezi michache tu kabla ya bendera yao kushuka Tanganyika. Walioileta waliitupa, sisi tuliopata Uhuru tukaendelea kuitunza! Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi wa Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Sisi tunasema kwamba mtu anayezama hapelekwi mahakamani kwa kosa la kuzama. Ajuaye kwamba akisema ataadhibiwa, hatasema.

Wala dawa ya jambo hili haihitaji kuagizwa yote kutoka ng'ambo. Mwaka 1954, kule Abeokuta nchini Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kuwatibu wagonjwa wa akili bila kuwafungia nyuma ya kuta. Waliishi katika nyumba za wanavijiji wa jirani, kila mmoja pamoja na ndugu yake, na matibabu waliyapata hospitali ya Aro. Huko Harare, Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianza kazi mwaka 2006 na akina bibi 14, si madaktari, waliofundishwa kumsikiliza mtu na kumsaidia kutafuta njia ya kutatua shida moja baada ya nyingine. Walikaa na wagonjwa kwenye mabenchi, chini ya miti, nje ya zahanati. Ugonjwa waliuita kwa jina la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, kama sisi tunavyosema kwamba fulani "ana mawazo". Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopata msaada wa akina bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida.

Funzo lake ni wazi. Mtu wa kwanza kumwona mwanafunzi aliyeelemewa si daktari. Ni mwenzake wa chumbani, ni msimamizi wa bweni, ni mlinzi wa lango, ni mama lishe anayeona kwamba kijana fulani hali tena. Watu hao wakijua la kufanya, maisha yataokoka.

Kwa hiyo tunayasema haya manne. Kwanza, viongozi wa wanafunzi, wasimamizi wa mabweni na wafanyakazi wa vyuo wafundishwe kumsikiliza mwenzao bila kumhukumu, kumwuliza waziwazi kama anafikiri kujiua, kutomwacha peke yake, na kumfikisha kwa mganga. Wataalamu wanathibitisha kwamba kumwuliza mtu hivyo hakumtii wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema. Pili, mwanafunzi mgonjwa wa akili aahirishe masomo kwa heshima ile ile anayopewa aliyevunjika mguu, na ahakikishiwe nafasi yake na mkopo wake atakaporudi. Tatu, washauri nasaha waajiriwe kwa kadiri ya wingi wa wanafunzi, nao waweke siri. Nne, sheria ya kumwadhibu aliyetaka kujiua iondolewe.

Asiseme mtu kwamba hayo si ya Chama. Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifungua milango yake mwezi wa Oktoba 1961 ndani ya jengo la TANU, katika mtaa uitwao leo Lumumba. Wanafunzi wa kwanza walisoma chini ya dari ya Chama. Hatuwezi kuwapokea vijana wakiwa wazima, kisha tukawakana wakiugua. Matawi ya Chama na vyama vya wafanyakazi huko vyuoni vina wajibu wa kulisimamia jambo hili, kama vinavyosimamia mishahara na nyumba.

Nanyi wazazi, wafanyakazi na wakulima, mnayo sehemu yenu. Mnapompigia simu kijana wenu, msianze na matokeo ya mtihani. Mwulizeni amekula nini, analala vipi, rafiki yake ni nani. Mwambieni waziwazi kwamba hata akishindwa, nyumbani pana mahali pake.

Kijiji chenye busara humtuma mtu wake mbali, na humdai arudi na chakula. Lakini kikipata habari kwamba ameanguka, hakikai barazani kuulizana kama ni msaliti. Hutoka watu, humtafuta, humnyanyua, humpa maji. Akipata nguvu ataendelea na safari. Asipoweza, mwingine atauchukua mzigo. Uhai wake ni mali ya kijiji kuliko chakula alichokula.