Neno "Wash" na Jamaa Zake katika Kiswahili

Katika lugha ya Kiingereza liko neno dogo ambalo kila mwanafunzi hulijua mapema, nalo ni "wash". Kwa neno hilo moja Mwingereza huosha sahani, hufua shati, hunawa uso, huoga mwili mzima, na humwosha maiti. Kiswahili hakina neno moja lililo sawa nalo. Kina jamaa nzima ya maneno, na kila moja lina kazi yake. Mwalimu au mhubiri afasiriye kutoka Kiingereza asipolijua jambo hili ataandika Kiswahili kibovu, na pengine atawadhuru watu. Twasema hivi kwa kuwa sisi wenyewe tumekosa.

Miaka kadhaa iliyopita tulipewa karatasi ya mafundisho ya afya iliyoandikwa kwa Kiingereza, tukaombwa kuifasiri kwa ajili ya wazazi wa hapa Bukima. Karatasi iliwashauri watu ku-"wash" kila siku kabla ya kula. Nasi kwa haraka tuliandika, "Ogeni kabla ya kula." Siku ya kuisoma mkutanoni bibi mmoja mzee alisimama akasema, "Mwalimu, maji ya kuoga nyumba nzima mara tatu kwa siku atayachota nani?" Watu wakacheka, nasi tukaona haya. Lakini jambo halikuishia katika kicheko. Watoto walitii kwa njia yao: wakawa wakikimbilia ziwani kila kabla ya chakula cha mchana. Na pembeni mwa ziwa letu, penye majani na maji yaliyotulia, wako konokono wabebao vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hutoka katika konokono, huogelea majini, na hupenya ngozi ya mtu aliyeingia, ijapokuwa hana jeraha. Karatasi ilikusudia kuwakinga watoto na ugonjwa wa tumbo. Neno letu liliwapeleka penye ugonjwa mwingine.

Basi, na tuyatazame maneno haya moja moja.

Kunawa ni kujisafisha kwa maji sehemu ya mwili, hasa mikono na uso. Kuoga, au kukoga kama wasemavyo wengine, ni kuutia maji mwili mzima. Maneno haya mawili yana jambo moja la kuangaliwa: mtendaji na mtendewa ni mmoja. Anayenawa hunawa mikono yake mwenyewe, na anayeoga huoga mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo hakuna haja ya kusema "kujinawa" wala "kujioga", kama waandikavyo wanafunzi wanaofuata Kiingereza. Na ikiwa mtu anamtendea mwingine, kitenzi hubadilika: mama humnawisha mtoto mikono, tena humwogesha. Methali husema, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Aliyeitunga hakuweza kusema "kuyanawa", kwa maana anenaye mikono hana haja ya kuvua nguo.

Kuosha kwaelekea kuwa na shina moja na kuoga, lakini humtaka mtendewa aliye mbali na mtendaji. Twaosha vyombo, twaosha nyama na matunda, twaosha kidonda, twaosha maiti. Ndiyo maana methali yasema, "Mwosha huoshwa," yaani awaoshaye wafu naye siku yake itakuja. Neno hili ndilo pana kuliko yote, nalo ndilo hukaribia "wash" zaidi. Kwa hiyo ndilo hutumiwa ovyo zaidi. Wako wasemao "kuosha nguo", na mahali pengine, hasa katika Kenya, usemi huo umezoeleka. Hatuwezi kuwakataza watu kusema wanavyosema, lakini katika maandishi ya shule twapenda kushika neno la nguo, nalo ni kufua.

Kufua asili yake ni kupiga. Mhunzi hufua chuma juu ya fuawe, na sonara hufua dhahabu. Nguo nazo hufuliwa kwa sababu mkono huzipiga, huzifikicha na kuzikamua. Wengine huzipiga juu ya jiwe mpaka uchafu utoke. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetuandikia kwamba "alifua miguu" alikuwa amempiga mgonjwa wake bila kukusudia.

Yako na maneno madogo ambayo Kiingereza pengine huyafunika kwa "wash" vilevile. Kusuuza ni kupitisha maji safi katika chombo au nguo ili kuondoa mabaki ya sabuni. Kusukutua ni kuzungusha maji kinywani na kuyatema. Kusugua kwahitaji nguvu ya mkono juu ya kitu kigumu, kama sufuria yenye masizi. Sakafu hupigwa deki, na neno "deki" lenyewe lilitoka Kiingereza. Mtu afuaye nguo za watu kwa ujira huitwa dobi, neno lililotujia kutoka Bara Hindi.

Tusidhani kwamba kila lugha ya Kibantu hugawanya kazi hizi kama Kiswahili. Ng'ambo ya ziwa, Waganda husema okunaaba kwa mikono, na kwa mwili mzima pia. Nguo wana okwoza. Yaani mahali Kiswahili kinapotenga kunawa na kuoga, Kiganda huviunganisha. Kwa hiyo mwalimu wa Majita, Butiama au Bunda asimlaumu mtoto upesi. Na amwulize kwanza nyumbani kwao husemaje, maana kosa la Kiswahili mara nyingi ni desturi njema ya lugha ya mama.

Twaja sasa kwa maneno yanayowahusu hasa wahubiri. Kiyunani cha Agano Jipya, kama Kiswahili, hakitosheki na neno moja. Kina louo kwa mwili mzima, nipto kwa mikono, uso au miguu, na pluno kwa nguo. Msomaji ataona mara moja kwamba huko ni kuoga, kunawa na kufua. Katika Injili ya Yohana, sura ya 13, Bwana anapozungumza na Petro, maneno mawili ya kwanza hukutana katika mstari mmoja, na maana yote hutegemea tofauti yao: aliyekwisha kuoga hahitaji kuoga tena, ila miguu yake imeshika vumbi la njiani. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika neno lile lile mara mbili, na tofauti ikapotea. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotolewa nzima mwaka 1952, iliishika: iliweka kuoga kwa mwili na kutawadha kwa miguu. Na katika Ufunuo, sura ya 7, ilisema juu ya mavazi kwamba yalifuliwa. Basi mhubiri wa Kiswahili anayeandaa hotuba kwa kitabu cha Kiingereza tu huacha nyumbani kwake kitu anachokwenda kukiazima kwa jirani asiyekuwa nacho.

Juu ya kutawadha twaongeza neno la tahadhari. Limetoka Kiarabu, na kwa Mwislamu ni kutia udhu kabla ya sala. Mtu wa pwani alisikiapo hukumbuka ibada. Mtu wa bara mara nyingi halijui kabisa. Ni vizuri kulieleza kabla ya kulisoma.

Kiebrania nacho chatufundisha jambo. Kina rachats kwa mwili, na kabas kwa nguo, na kabas asili yake husemwa kuwa kukanyaga, kama mtu akanyagavyo nguo majini. Katika Zaburi ya 51 mwenye kutubu hatumii neno la mwili, bali hilo la nguo. Aomba afuliwe. Anayejua jinsi nguo inavyopigwa jiweni ataelewa kwamba hakuomba jambo jepesi.

Mwisho ni kutakasa. Kutakata ni kuwa safi bila waa. Kutakasa ni kufanya kiwe hivyo. Na kutoka hapo twapata "takatifu". Mwanafunzi na aonywe asilichanganye na "taka", maana yafanana kwa sauti na kupingana kwa maana. Kutakasa huenda zaidi ya maji. Chombo chaweza kuoshwa kisitakate, na moyo hutakaswa pasipo ndoo. Kusafisha, kutoka "safi" la Kiarabu, ni neno la jumla. Lafaa chumba, shamba na hata bunduki, lakini huwa baridi mno katika sala.

Basi, ndugu walimu, mkutanapo na "wash", ulizeni maswali matatu kabla ya kuandika. Anayetenda anajitendea mwenyewe, au anamtendea mwingine? Ni mwili mzima, au sehemu? Ni mtu, chombo, nguo, au moyo? Mkijibu hayo, neno litakuja lenyewe.

Sisi tuliandika karatasi yetu upya: "Naweni mikono kwa sabuni kabla ya kula na mtokapo chooni. Maji yachotwe yakae chomboni siku mbili, au yachemshwe. Watoto wasiingie ziwani." Tuliisoma tena mbele ya watu wale wale. Yule bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hilo twaliweza, Mwalimu." Tungefurahi kupata kwa wasomaji maneno ya kunawa, kuoga na kufua katika lugha za kwao, pamoja na mifano ya jinsi yanavyotumika.