Remdesivir: Herufi ya Bandia Iliyopimwa Beni

Remdesivir, dawa ya kupambana na virusi, ilivuma duniani kote wakati wa janga la Covid-19, ilhali ni wachache walioitaja pamoja na Beni, Butembo, Katwa na Mangina, huko Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako wagonjwa 175 wa Ebola waliipokea katika jaribio lililobeba jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, lililoanza Novemba 2018.

Muundo wake ni ufundi wa kupendeza. Virusi vya Ebola hunakili RNA yake, yaani uzi unaobeba maelekezo ya urithi, kwa kuunganisha herufi nne za kikemia, mojawapo ikiwa adenosini. Wanakemia wa Marekani waliiga adenosini hiyo, wakaunganisha sukari na besi yake kwa kaboni badala ya nitrojeni ili kiungo kisivunjike kwa urahisi, kisha wakachomeka hapo kijipande cha siano, yaani kaboni moja iliyoshikamana na nitrojeni moja. Tena, kwa kuwa herufi haitumiki bila fosfati, na fosfati ina chaji ya umeme inayoizuia kupenya utando wa seli, waliifunika kwa vipande ambavyo vimeng'enya huvivua ikishaingia ndani. Na kwa vile atomu ya fosforasi iliweza kupangwa kwa namna mbili zinazotofautiana kama mkono wa kushoto na wa kulia, walichagua mpangilio mmoja tu. La ajabu zaidi, herufi hiyo ya bandia haisimamishi kazi papo hapo: kimeng'enya cha Ebola huipokea kama halali, huongeza herufi nyingine chache mbele yake, ndipo kinakwama.

Kufikia Agosti 2019 ilikuwa imeshindwa, kwani asilimia 53 ya waliopewa walifariki ndani ya siku 28, ikilinganishwa na 35 kwa mAb114, kingamwili iliyotokana na mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Hata hivyo taarifa za usalama zilizokusanywa huko zilisaidia kuiingiza haraka katika majaribio ya Covid-19, na ni dhuluma kuiandika historia yake kana kwamba ilianza 2020, kwa maana familia za Kivu Kaskazini ziliukubali utafiti huo katika miezi ambayo vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa.

Leo hutumika dhidi ya Covid-19 kwa njia ya mshipa. Molekuli mama yake, isiyo na kifuniko, huponya paka wenye virusi vya korona vinavyoshambulia tumbo. Na ndugu yake, obeldesivir, humezwa kama kidonge na bado inatafitiwa.