Milimita Moja Kabla ya Maji

Hadithi, hadithi! Itikieni huko mliko, kisha sogeeni karibu, maana hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina msafiri mmoja, naye ni joto.

Safari yake huanzia kwenye jua. Kutoka huko hadi kwenye paa la nyumba yenu ni kilomita milioni 150 hivi, na mwanga huzimaliza kwa dakika 8 na ushei. Adhuhuri ya siku isiyo na wingu, kila mita moja ya mraba iliyoelekea jua hupokea karibu wati 1,000. Hiyo ni nguvu ya koili moja ya jiko la umeme, na inamwagika bure juu ya kila bati la mtaani kwenu.

Basi mbona maji ya kuoga asubuhi, kule Njombe au Limuru kwenye baridi inayouma masikio, bado yanapashwa kwa kuni na mkaa? Sababu ni nyingi, na mojawapo ni bei: hita ya sola ya dukani si kitu ambacho kila nyumba inaweza kukinunua. Kuna mafundi waliojaribu kuunda ya kwao kwa bomba, bati na rangi nyeusi, wakaipandisha juani, wakangoja, na maji yakatoka vuguvugu. Wengine wakakata tamaa, wakasema jua halitoshi. Jua linatosha kabisa. Leo nataka niwaonyeshe mahali hasa msafiri wetu anapokwama: amekata kilomita milioni 150 bila shida, halafu anashindwa kuvuka milimita moja.

Kifaa chenyewe ni rahisi kukieleza. Ni sanduku bapa lenye kioo juu. Ndani yake kuna bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na mabomba ya maji yameshikizwa kwenye bati hilo. Nyuma ya bati kuna kihami joto, mathalani pamba ya kioo, ili joto lisipotelee nyuma. Mwanga hupita kwenye kioo, bati huumeza na kuugeuza kuwa joto, na kioo huzuia upepo usilichukue joto hilo. Mwaka 1767 Horace-Bénédict de Saussure, mtu wa Geneva, alikuwa akifanya majaribio na masanduku ya namna hii yenye vioo kadhaa, kimoja juu ya kingine, na ndani ya mojawapo joto lilipita nyuzi 100. Hapakuwa na moto wala waya. Kulinasa joto, basi, watu walikwisha kuweza zaidi ya miaka 250 iliyopita. Kazi iliyobaki ni kulifikisha majini.

Twende Marekani. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore alipata hataza ya hita aliyoiita Climax. Alichukua matangi ya chuma, akayapaka rangi nyeusi, akayalaza ndani ya sanduku lenye kioo. Maji yalikuwa ndani ya matangi yenyewe, kwa hiyo joto halikuwa na safari ndefu. Lakini tangi zima lilichukua muda mrefu kupata moto, na usiku ulipoingia lilibaki palepale chini ya kioo, likapoa. Aliyetaka kuoga alfajiri hakupata kitu.

Mwaka 1909, katika mji mdogo wa Monrovia, California, akatokea William J. Bailey na hita nyingine. Yeye alizitenganisha kazi mbili. Tangi aliliweka mahali pake, akalifunika vizuri lisipoe, na juani akaacha sanduku jembamba lenye mabomba ya shaba. Pampu haikuhitajika. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda hadi tangini, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake, mradi tangi liwe juu kuliko sanduku. Hita hiyo akaiita Day and Night, kwa kuwa maji yake yalikuwa moto mchana na usiku. Kufikia mwisho wa 1918 alikuwa ameuza zaidi ya hita 4,000, kabla ya gesi asilia ya bei rahisi kuja kuivuruga biashara hiyo.

Wanaosimulia habari za Bailey husifu tangi lake. Mimi nasifu zaidi kitu ambacho aliyesimama chini ya paa hakukiona: mabomba yake yalilehemiwa kwenye bati la shaba. Hayakufungwa kwa waya, wala hayakulazwa tu. Lehemu ilijaza nafasi yote kati ya bomba na bati, metali ikashikana na metali bila mwanya.

Kwa nini lehemu hiyo ilikuwa na maana kubwa namna hiyo? Hapa ndipo palipo utamu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Uji ukiwa unachemka, acheni kijiko cha alumini ndani ya sufuria, na mwiko wa mti kando yake. Baada ya dakika mbili kijiko hakishikiki, lakini mwiko unashikika vizuri. Kila kitu kina uwezo wake wa kupitisha joto, na wanasayansi wameupa namba. Shaba ina karibu 400. Alumini ina kama 220, chuma cha kawaida 50 hivi, plastiki ya mabomba karibu 0.4. Hewa iliyotulia ina 0.025 tu. Maana yake ni kwamba alumini hupitisha joto karibu mara 9,000 kuliko hewa. Ndiyo maana sweta na blanketi hutupa joto: sufi hunasa hewa kati ya nyuzi zake, na hewa hiyo humzuia msafiri wetu asitoke mwilini.

Kinachotufaa kitandani ndicho kinachotuangusha juu ya paa. Chukueni kipande cha bati la alumini chenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 15, na bomba la milimita 15 likipita katikati yake. Adhuhuri kinapokea wati 150. Toeni zinazopotea kwenye kioo na hewani, zinabaki kama wati 100 za kuingia kwenye bomba. Sasa tuseme fundi amekunja mfereji kwenye bati, mfereji unaolikumbatia bomba nusu yake, ila hakuukaza vizuri. Umebaki mwanya wa hewa wa milimita moja. Ili wati hizo 100 zivuke mwanya huo, bati lingelazimika kuwa na joto kuliko bomba kwa nyuzi zaidi ya 160! Haliwezi kufika huko. Muda mrefu kabla ya hapo litakuwa limekwisha kuurudishia upepo joto lake kupitia kioo. Ukiligusa bati la hita ya namna hiyo linakuunguza kidole, na bado maji ni vuguvugu.

Mfundisheni sasa fundi huyo aukaze mfereji, na kabla ya kukaza apake silikoni, ile ile ya kuzibia madirisha, ibaki safu nyembamba ya milimita 0.2. Silikoni si hodari wa kupitisha joto, maana namba yake ni kama 0.2. Hata hivyo inaishinda hewa mara nane, na safu yake ni nyembamba mara tano kuliko ule mwanya. Mara nane kwa mara tano ni mara arobaini. Wati 100 zilezile zinavuka sasa kwa tofauti ya nyuzi 4 hivi. Bati halikubadilika, jua halikuongezeka, na gharama ni mrija mmoja wa silikoni. Sijui hesabu nyingine katika kazi hii inayonifurahisha kuliko hiyo.

Silikoni ina kazi ya pili pia. Shaba na alumini zikigusana mahali penye unyevu, alumini huanza kuliwa polepole, na baada ya miaka mfereji hulegea. Safu ile huzitenganisha na kuzuia maji yasiingie kati yao.

Mfereji wenyewe hautaki mashine kubwa. Unahitaji mbao mbili zenye nafasi kati yake, fimbo ya chuma yenye unene wa bomba, na nyundo. Bati la alumini linalazwa juu ya mbao, fimbo inapigwa taratibu hadi bati lizame katika nafasi ile. Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wanaofua masanduku na majiko mchana kutwa, wana mikono ya kazi hii tayari. Lakini umbo la mfereji liwe la bomba hasa. Mfereji mpana kupita kiasi unagusa bomba kwenye mstari mmoja tu, na kwingine kote ni hewa. Ukiweza, ongeza utepe wa alumini upande wa pili, bomba libanwe pande zote.

Lehemu na silikoni zinamvusha msafiri milimita ya mwisho, lakini kabla ya hapo ana safari nyingine ya pembeni: kutoka ukingo wa bati hadi kwenye bomba. Bati la alumini lenye unene wa milimita 0.5, mabomba yakiwa sentimita 15 kutoka moja hadi jingine, ukingo wake unaweza kuwa na joto kuliko sehemu iliyo karibu na bomba kwa nyuzi 14 hivi. Sogezeni mabomba yawe sentimita 10, tofauti inashuka hadi kama nyuzi 6. Mmeona? Umbali wa kutoka ukingoni hadi kwenye bomba ukipunguzwa kuwa nusu, tofauti hupungua hadi robo, kwa sababu njia imekuwa fupi na mzigo wa joto wa kubebwa nao umepungua. Ni habari njema na mbaya kwa pamoja, maana mabomba mengi zaidi ni shaba nyingi zaidi, na shaba ni ghali. Anayeunda hita ya bei nafuu hukaa hapo akipima: bati nene au mabomba ya karibu?

Bati la kuezekea je, lile lililobaki baada ya ujenzi? Lile ni chuma kilichopakwa zinki, tena jembamba. Joto hutembea ndani yake kwa taabu, kwa hiyo mabomba lazima yakaribiane sana. Na karatasi ya alumini ya kufungia chakula msiiguse kwa kazi hii. Alumini ni alumini, lakini ile ni nyembamba mara nyingi mno kuliko bati la milimita 0.5, na joto halina mahali pa kupita.

Mtaniuliza kuhusu bomba la plastiki, kwa sababu ni rahisi na halihitaji kulehemiwa. Ukuta wake wa milimita 2 wenyewe ni kizuizi: kwa kipande kile cha wati 100 unadai nyuzi 20 hivi za ziada. Tena kuna hatari. Siku maji yakikatika, ndani ya sanduku lenye kioo joto hupita nyuzi 100 kwa urahisi, na plastiki nyingi hulainika au kupasuka. Kwa sanduku lisilo na kioo, la maji ya vuguvugu tu, plastiki inafaa.

Rangi nayo ipakwe nyembamba. Nyeusi isiyong'aa, inayostahimili moto, hunasa zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za mwanga. Mwaka 1955 Harry Tabor wa Israeli alionyesha namna ya kutengeneza weusi bora zaidi, unaomeza mwanga wa jua lakini hautoi mionzi mingi ya joto, na hita nyingi za viwandani zinatumia wazo hilo mpaka leo. Kwa fundi wa mtaani, rangi ya kawaida isiyong'aa inatosha kuanzia. Mfereji uliokazwa utamletea faida kubwa kuliko rangi ya gharama juu ya bomba lililolegea.

Msiniamini kwa maneno. Mwombeni mtu mzima awakatie vipande viwili sawa vya bati la alumini, mita 1 kwa sentimita 15, na mabomba mawili sawa. Bomba la kwanza lifungeni kwa waya juu ya bati lililo bapa. La pili likazeni kwenye mfereji wenye silikoni, mkaiache ikauke siku moja. Pakeni vyote viwili rangi ileile, viwekeni ndani ya sanduku moja chini ya kioo kimoja, viangalie jua la saa sita. Vaeni glavu, kwa sababu bati litaunguza. Pitisheni maji polepole, kwa mwendo uleule katika mabomba yote mawili, na pimeni kwa kipimajoto yanapoingia na yanapotoka. Hesabuni pia dakika za kujaza lita moja.

Kuipandisha lita moja ya maji nyuzi moja kunahitaji jouli 4,186. Kwa hiyo lita ikijaa kwa dakika 3, na maji yametoka na nyuzi 4 zaidi kuliko yalivyoingia, zidisheni 4,186 kwa 4, mgawanye kwa sekunde 180. Mtapata wati 93 zilizoingia majini. Rudieni hesabu hiyo kwa bomba lililofungwa kwa waya, muandike namba zote mbili kwa chaki juu ya sanduku.