Fuata Njia ya Robota

Wapiga picha wengi wakiingia kwenye kiwanda kilichofungwa hukimbilia kutu. Kitasa kilicholiwa, kioo kilichopasuka, mti uliochomoza juu ya paa: zikishafika kumi, picha hizo haziwezi kumwambia mtu kama jengo lilikuwa la pamba, la dhahabu au la sabuni. Kwa anayezunguka na kamera kati ya Isaka, Kahama na Geita, nchini Tanzania, hiyo ni hasara, maana kanda hii imejengwa na kazi zinazoacha alama wazi.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na Isaka, stesheni ya njiani, baadaye ikapata bandari kavu ya kuhudumia mizigo ya Rwanda na Burundi. Vinu vya kuchambua pamba vya vyama vikuu vya ushirika, SHIRECU upande wa Shinyanga na Nyanza upande wa Mwanza, vilizidiwa na wanunuzi binafsi baada ya soko kufunguliwa mwaka 1994, na kadhaa vikanyamaza. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa 1966, miaka zaidi ya 30 kabla ya mgodi mkubwa wa sasa kuanza. Buzwagi, jirani na Kahama, ulianza kuzalisha 2009 na kufungwa 2021.

Mpangilio mzuri wa picha huanza na swali: mzigo uliingilia wapi, ukatokea wapi? Chukua kinu cha rola. Pamba mbegu ilipimwa, ikamwagwa ghalani, ikapelekwa kwenye safu ya mashine. Rola zilivuta nyuzi, mbegu zikadondoka chini. Nyuzi zikaenda kwenye presi na kutoka zikiwa marobota. Hata mashine zikishauzwa kama chuma chakavu, sakafu hubaki na ushahidi: boliti zilizokatwa usawa wa saruji, mbili mbili, kwa nafasi zilezile hadi ukuta wa mwisho, na madoa meusi ya grisi pale fundi alipokuwa akisimama. Juu yake huenda yakawepo bado mabano ya shafti ndefu iliyozungusha mashine zote kwa mikanda. Mpiga picha akipiga goti mwanzoni mwa safu, boliti hizo zinaongoza jicho moja kwa moja hadi mlango wa presi. Akisimama katikati ya chumba, anaondoka na picha ya sakafu tupu.

Jua nalo lina ratiba yake. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari ulio mbali mashariki ya Isaka, kwa hiyo hapa jua hufika juu kabisa yapata saa saba kasoro robo mchana. Wakati huo bati hung'aa na ukuta hauna umbo. Na kwa kuwa ikweta iko karibu, jua hushuka karibu wima: mwanga wa ubavuni, ule unaochora kila mkunjo wa bati, haudumu hata saa nzima. Afikaye saa kumi na moja jioni ana nafasi ya kutafuta kona. Wa saa kumi na mbili na nusu ana dakika chache tu.

Wajerumani Bernd na Hilla Becher, walioanza mwaka 1959 kupiga picha minara ya maji na matanuru, walikataa kabisa mwanga huo wa kupendeza. Walitaka anga la mawingu, jengo zima ndani ya fremu, kuta zimesimama wima, hakuna mtu. Walitaka maumbo yalinganishwe. Mvua za Novemba hadi Aprili zinampa mpiga picha wa Shinyanga anga kama hilo bure. Kuta kusimama wima kunahitaji jasho zaidi: ukiinua kamera juu, zinaegemeana. Afadhali kurudi nyuma, au kupanda kichuguu.

Lakini utupu wa akina Becher haufai kila mahali. Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978 Lubumbashi, katika Kongo ya Kiswahili, alipiga picha pana za magofu ya kampuni ya madini ya Gécamines, kisha akabandika juu yake wafanyakazi na wakubwa wao kutoka picha za kumbukumbu za kikoloni. Mfululizo huo, *Mémoire*, unamlazimisha mtazamaji kuuliza nani alibeba na nani alisimamia. Asiye na nyaraka za zamani anao watu wa leo: mama anayeanika mahindi kwenye saruji ya ghala, kijana anayechunga. Waombwe ruhusa. Kufukuza mbuzi ili jengo lionekane limetelekezwa zaidi ni uongo mdogo, na mara nyingi huharibu picha.

Jengo lililofungwa bado lina mwenyewe, kwa hiyo kibali kitangulie. Droni huhitaji pia idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Paa za zamani huweza kuwa za asbesto, vumbi lake lisitimuliwe. Maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, hujificha kwenye majani, na marundo ya mabaki ya uchenjuaji huweza kuwa na zebaki au sayanaidi.

Kabla ya kuondoka, kuna kuandika: jina la jengo, tarehe, saa, kamera ilikoelekea. Mandhari hubadilika: pembeni ya reli ya zamani yenye upana wa mita moja, ujenzi wa reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ulizinduliwa mwaka 2021. Atakayetaka kurudia picha ya stesheni baada ya miaka kumi atahitaji kujua kamera ilisimama hatua ngapi kutoka ukingo wa jukwaa, kwa kimo gani, na kwa lenzi ipi.