Mgonjwa wa Kisukari Anaamka Usiku kwa Njaa: Ana Dhambi? Tumsaidieje?

SWALI:

Sisi ni watu wa Pemba. Mama yetu anaishi Morogoro mjini kwa kaka yetu. Ana kisukari, anatumia vidonge, na daktari amemwambia apunguze uzito. Mchana anajizuia sana, hata chakula cha mchana hakili. Usiku njaa humwamsha, na tumegundua kuwa anakula mkate na chai ya sukari jikoni kwa kificho. Kaka amekasirika, sasa kabati la chakula analifunga kwa ufunguo kila usiku. Mama analia, anasema imani yake ni ndogo. Je, ana dhambi? Na sisi tufanye nini?

JIBU:

AlhamduliLLaah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Ama baada ya hayo, tunaanza na lililo zito: kabati hilo lisifungwe tena, kuanzia usiku wa leo. Hatusemi hivyo kwa sababu ya huruma tu. Baadhi ya vidonge vya kisukari vinaweza kushusha sukari kupita kiasi, na mama akifikwa na hali hiyo usiku hana muda wa kutafuta ufunguo.

Njaa hii inatoka wapi?

Chakula cha wanga tumboni hugeuka sukari, nayo huingia katika damu. Ili itoke kwenye damu iingie mwilini na kuwa nguvu, inahitaji insulini. Kwa mgonjwa wa kisukari insulini haitoshi, au mwili hauisikii vizuri. Hivyo damu inaweza kujaa sukari ilhali mwili unalia njaa. Kwa hiyo mama akisema ana njaa, msimwone mroho. Ikiwa njaa hiyo inakuja pamoja na kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda bila mpango, huenda sukari iko juu. Hapo apelekwe hospitali, dawa zake ziangaliwe.

Sababu ya pili mmeitaja wenyewe: mchana hali. Anayejinyima kutwa, usiku mwili hudai haki yake, na hudai kwa haraka, kwa kitu kitamu. Mkate na chai ya sukari hupandisha sukari mara moja, kisha baada ya muda njaa inarudi palepale.

Je, ni njaa au sukari imeshuka?

Hapa ndipo penye hatari. Njaa ya kawaida huja polepole na huweza kusubiri. Njaa ya sukari iliyoshuka huja ghafla, na mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho la baridi, moyo humwenda mbio, na pengine hujibu ovyo au hukasirika bila sababu. Wanaotumia insulini, au vidonge vya aina ya glibenklamidi, ndio wa kuhofiwa zaidi, hasa wakiruka mlo. Muulizeni daktari au mfamasia vidonge vya mama ni vya aina gani.

Akiwa na dalili hizo, mpimeni. Kipimo kikiwa chini ya 4, au kama hamna kipimo nyumbani, mpeni vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subirini dakika 15, mpimeni tena. Kama bado iko chini, rudieni. Ikishapanda, ale chakula kidogo. Akiwa amezimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na hata akipona palepale, daktari aambiwe, kwani dozi huenda inahitaji kubadilishwa.

Chakula kinachoshibisha kiko karibu yenu

Mama hahitaji kushinda na njaa. Anahitaji sahani iliyopangwa: nusu mboga, robo maharage, samaki, kuku au yai, na robo iliyobaki ugali, wali au ndizi. Ugali wa ukubwa wa ngumi yake mwenyewe unatosha. Dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa ina nyuzinyuzi, lakini nayo ina kipimo. Aanze na mboga na maharage, wali au ugali uje mwisho. Akila kwa mpango huu sukari hupanda taratibu, na shibe hukaa.

Kwa neema ya Allaah, Morogoro si mji wa kukosa mboga. Milima ya Uluguru iko juu ya mji, na Mgeta na Nyandira ni maarufu kwa kabichi, karoti, njegere na maharage, ambayo hushushwa hadi masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Mkifika Soko Kuu la Chifu Kingalu, jazeni kikapu mboga kwanza, mchele baadaye. Sisi wa visiwani tuna tabia ya kuona mboga ni kitoweo cha kusindikizia wali. Kwa mgonjwa wa kisukari, wali ndio usindikize mboga. Na tui la nazi liwe jepesi, maana tui zito huongeza uzito anaotakiwa kuupunguza.

Matunda ale, lakini tunda zima, si juisi. Ndizi mbivu iwe moja ndogo, si chane.

Ale mara tatu kwa saa zake, asiruke mchana. Ikiwa daktari ameona haja ya kitu kabla ya kulala, yai la kuchemsha, kiganja cha karanga au maziwa yasiyotiwa sukari ni bora kuliko mkate. Baada ya kula, atembee dakika 10 hadi 15, kwani mwendo husaidia kushusha sukari.

Tusidharau jambo la mwendo. Uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu 1 kati ya watu wazima 100. Mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu 9 kati ya 100. Watu wa uchunguzi wa pili hawakuwa wale wale wala wa umri ule ule, lakini tofauti ni kubwa. Mkulima wa Uluguru anayepanda na kushuka mlima na mzigo kichwani hali sawa na sisi tunaokaa barazani.

Ama hukumu yake

Kuhisi njaa si dhambi, na ugonjwa si dalili ya udhaifu wa imani. Kilichokatazwa ni israfu katika kula na kunywa (Suratul-A'raaf, aya 31), na kujitia katika maangamizi (Suratul-Baqarah, aya 195). Hadithi ya Al-Miqdaam iliyopokewa na At-Tirmidhiy inatufundisha kuwa tonge chache zinamtosha mtu, na asiyeweza, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi. Hilo ni fundisho la kula kwa kiasi. Halikumwamrisha mgonjwa ashinde na njaa mpaka adhurike. Asianze pia kufunga Sunnah ili apungue uzito kabla ya kumwona daktari. Na katika Ramadhaan mgonjwa ana ruhusa (Suratul-Baqarah, aya 184). Sukari ikishuka chini ya 3.9 naye amefunga, afungue papo hapo.

Kaka yenu nia yake ni njema, lakini mzazi hafungiwi chakula. Allaah Ametuamrisha kuwafanyia wazazi ihsani na kusema nao kwa heshima (Suratul-Israa, aya 23). Badala ya ufunguo, nyumba nzima ile chakula cha mama. Watoto wasinywe soda mbele yake, naye asipikiwe sufuria yake peke yake kama mtengwa. Akialikwa harusini au kwenye khitma, mmoja wenu akae naye, ampakulie nyama na kachumbari kwanza, pilau kidogo baadaye. Mgonjwa asiyeona haya kusema ana njaa hatahitaji kula kwa kificho.

Tunamuomba Allaah Amponye mama yetu na wagonjwa wetu wote.

Na Allaah Anajua zaidi.