Kabla hujajaribu mwisho wa spidi ya gari lako

Mwenye gari jipya, hata likiwa jipya kwake tu, huwa na swali moja ambalo aghalabu hamuulizi makanika wala muuzaji: je, kweli linafika pale mshale unapoishia? Mengi ya magari tunayoendesha hapa Kenya hutoka Japani yakiwa yameshatumika, na spidomita zake huishia kilomita 180 kwa saa. Hiyo si bahati nasibu. Watengenezaji wa Japani walikubaliana kitambo kwamba magari ya kuuzwa nchini mwao yasipite kasi hiyo, wakaweka kizuizi ndani ya mitambo. Hapa mjini wapo mafundi ambao, kwa malipo, hukiondoa kizuizi hicho. Nao wapo vijana (na wazee wenye vipara, nisiwaonee vijana) ambao kikishaondolewa husubiri usiku, barabara itulie, wahakikishe kuwa pesa zao hazikupotea.

Mimi si fundi wa magari, na sitajifanya kuwa silipendi gari zuri. Lakini jaribio kama hilo likifanywa kwenye Barabara ya Thika saa nane za usiku na likaenda mrama, majeruhi huletwa kwetu sisi madaktari. Kwa hivyo nitalizungumzia kwa upande wa mwili, upande ambao wapenzi wa magari huutaja mara chache sana.

Tutazame kwanza jinsi wenye kazi yao wanavyofanya. Ujerumani kuna uwanja wa majaribio uitwao Ehra-Lessien, wenye barabara iliyonyooka kwa karibu kilomita tisa, bila kona na bila mpita njia. Hapo ndipo dereva Mwingereza Andy Wallace alipofikisha gari la McLaren F1 kilomita 386 kwa saa mwaka wa 1998. Mwaka wa 2019, akiwa na umri wa miaka 58, alirudi hapo na kufikisha gari la Bugatti Chiron lililotengenezwa maalum kilomita 490 kwa saa. Tairi za gari hilo zilikuwa zimetiwa nguvu na kupigwa picha ya eksirei kabla ya kufungwa, kama ninavyompeleka mgonjwa wa kifua akapigwe picha. Dereva naye hakukanyaga mafuta hadi sakafuni mara moja. Alipanda hatua kwa hatua, na kabla ya siku hiyo alikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa mashindano, ukiwemo ushindi wa Le Mans mwaka wa 1988. Baada ya hapo kampuni yenyewe ilitangaza kuwa inajitoa katika mbio za kutafuta rekodi za kasi.

Linganisha na dereva wetu wa saa nane za usiku. Tairi zake hajui zilitengenezwa lini. Barabara ina watu, bodaboda zisizo na taa na lori lililoharibika likawekewa matawi mawili ya mti kama onyo. Hata kipimo anachokiamini humdanganya, kwani kanuni za kimataifa huruhusu spidomita ionyeshe kasi iliyo juu kidogo ya ile halisi, lakini kamwe isionyeshe iliyo chini yake. Anayewaonyesha wenzake picha ya mshale kwenye 180 huenda alikuwa kwenye 170.

Sasa tuje kwenye mwili, na tuanze na jicho. Kwenye kilomita 200 kwa saa, gari hukata karibu mita 56 kila sekunde, yaani zaidi ya nusu ya uwanja wa kandanda. Kupepesa macho kunaweza kuchukua theluthi moja ya sekunde. Hapo umeshakwenda mita 18 bila kuona kitu. Mtu mzima ambaye hajalewa wala kuchoka huhitaji sekunde moja hadi moja na nusu tangu aone kitu, ubongo ukitambue, hadi mguu uguse breki. Huo ndio mwendo wa ujumbe kutoka jichoni hadi ubongoni na kushuka hadi mguuni, na hakuna mazoezi yatakayouondoa kabisa.

Ongeza sasa masafa ya kusimama. Nimepiga hesabu kwa lami kavu, breki nzuri na dereva anayehitaji sekunde moja na nusu. Kwenye kilomita 50 kwa saa, gari husimama baada ya mita 35 hivi. Kwenye kilomita 100, ni karibu mita 100. Kwenye kilomita 200, ni mita 300. Taa za kawaida za gari humulika takriban mita 50 au 60, na ukiwasha zile za juu utapata mita 100 na zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba anayekimbia kasi hiyo usiku anaendesha mahali ambapo taa zake hazijafika bado. Mlinzi anayetoka zamu akavuka chini ya daraja la wapita njia kwa sababu ya uchovu, naye amevaa koti jeusi, dereva humwona wakati hana la kufanya tena. Katika nchi yetu, ambapo zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka miaka ya karibuni, wanaotembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi. Hao hawakuwa na hamu ya kujua mwisho wa spidi ya gari la mtu.

Kuna na jambo la adrenalini. Kasi ikipanda, moyo hudunda, mboni za macho hupanuka, viganja hutoa jasho, na dereva huhisi kana kwamba ameamka kuliko siku zote. Hisia hiyo ni tamu na humdanganya, kwani wakati huo huo macho hukodolea kile kilicho mbele tu na vilivyo pembeni hufifia. Kwa kijana hali ni ngumu zaidi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu apate miaka 25 hivi. Mjazie gari marafiki watatu wanaomshangilia na huyo breki zake za kichwani zimeondolewa, hata kama hajaonja tone la pombe.

Gari likigonga, migongano huwa mitatu. Gari hugonga nguzo. Mwili hugonga mkanda, usukani au kioo. Kisha viungo vya ndani hugonga kuta za mwili wenyewe, na huu wa tatu ndio unaotusumbua sana hospitalini kwa sababu hauonekani kwa nje. Jengo la KICC hapa Nairobi lina urefu wa mita 105. Kitu kikiangushwa kutoka juu yake, tukiacha upinzani wa hewa, hufika chini kwa kasi ya kilomita 160 hivi kwa saa. Kugonga nguzo ya zege kwa kasi hiyo ni sawa na gari zima kuangushwa kutoka kwenye paa hilo, wewe ukiwa ndani umefunga mkanda.

Daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Paul Stapp, aliujaribu mwili wake mwenyewe. Mwaka wa 1954 alifungwa kwenye kigari cha roketi juu ya reli huko New Mexico, akarushwa hadi kilomita 1,017 kwa saa, kisha akasimamishwa kwa muda usiozidi sekunde moja na nusu. Mwili wake ulivutwa kwa nguvu ya zaidi ya mara 46 ya uzito wake. Mishipa midogo ya macho ilipasuka akawa haoni kwa muda, ila alipona na kuishi hadi mwaka wa 1999, akiwa miongoni mwa waliopigania mikanda ya usalama iwekwe katika magari. Alinusurika kwa sababu alikuwa amefungwa barabara, tena alisimamishwa katika masafa ya mita nyingi. Gari linalogonga nguzo kwa kilomita 160 kwa saa, pua yake ikabonyea sentimita 70, humpa aliye ndani nguvu ya zaidi ya mara 140 ya uzito wake.

Najua mpenzi mmoja wa mbio atanitajia David Purley, aliyesimama kutoka kilomita 173 kwa saa katika sentimita 66 huko Silverstone mwaka wa 1977 na akaishi. Ni kweli. Alivunjika miguu, nyonga na mbavu, ingawa alikuwa amevaa kofia ngumu na kufungwa mikanda ya mashindano. Tunamkumbuka kwa sababu ni nadra.

Kinachowaua wengi hapo hapo ni mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, aota. Moyo unaning'inia kifuani na unaweza kusogea, lakini sehemu ya mshipa huo iliyo nyuma imeshikamana na uti wa mgongo. Mwili ukisimama ghafla moyo huendelea mbele, na mshipa hupasuka pale panapokutana kinachosogea na kisichosogea. Ubongo nao husukwasukwa ndani ya fuvu hadi nyuzi zake zikakatika. Mtu wa namna hii anaweza kuletwa bila mkwaruzo usoni, naye asiamke tena. Fupa la paja likivunjika, lita moja au moja na nusu ya damu inaweza kumwagikia ndani ya paja, na nyonga humeza hata zaidi, ilhali mtu mzima ana lita tano tu hivi.

Wengine hujifariji kwa nyota za usalama za gari lao. Kwa miaka mingi jaribio maarufu la kugongesha magari huko Ulaya lilifanywa kwa kilomita 64 kwa saa. Nyota hizo hazikuahidi mtu lolote kuhusu 180.

Turudi kwenye tairi. Novemba 30, 2013, mwigizaji Paul Walker, ambaye wengi wenu mlimwona katika filamu za mbio za magari, alifariki California pamoja na rafiki yake Roger Rodas aliyekuwa akiendesha gari la Porsche Carrera GT. Gari hilo linaweza kufika kilomita 330 kwa saa. Wachunguzi walikadiria kuwa lilikuwa likienda kati ya kilomita 130 na 150, si hata nusu ya uwezo wake, mahali palipoandikwa mwisho kilomita 72. Waligundua pia kwamba tairi zake zilikuwa na umri wa miaka tisa. Mpira huzeeka hata kama kashata zake zinaonekana nzima. Tazama ubavuni mwa tairi yako: kuna nambari nne za mwisho, mathalan 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Kuna pia herufi ya kasi. S ni kilomita 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Herufi hiyo inaihusu tairi nzima yenye upepo wa kutosha, wala si ile iliyozibwa pancha mara tatu.

Hivi majuzi mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 24. Siku mbili kabla, gari lake lilikuwa limekwaruza kizuizi cha chuma barabarani, "kidogo tu, daktari". Alilalamikia bega la kushoto, lakini bega lenyewe halikuwa na kasoro. Nilipombonyeza tumbo chini ya mbavu za kushoto aliruka. Picha ilionyesha damu tumboni, wengu umepasuka, na damu hiyo ilipogusa kiwambo kilicho chini ya mapafu, maumivu yalisikika begani. Alipasuliwa usiku huo. Aliponieleza kuwa alikuwa amefikisha 190, mama yake aliniuliza, "Kwani alikuwa akienda wapi?" Hakuwa akienda popote. Sasa anaishi bila wengu, na kila homa, hasa malaria, ni jambo la kukimbilia hospitali.

Kwa hivyo aliyepata ajali ya kasi, hata akitoka akitembea, apimwe siku hiyo hiyo. Asilale nyumbani akiwa na maumivu ya tumbo au ya bega bila jeraha, alama ya mkanda iliyovilia damu tumboni, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kichwa kinachozidi kuuma, ganzi mikononi au miguuni, au mboni moja kubwa kuliko nyingine.

Anayetaka sana kujua uwezo wa gari lake na autafute uwanja uliofungwa, wenye waandalizi, kofia ngumu na ambulensi iliyoegeshwa hapo hapo. Hata Safari Rally, iliyokuwa ikikimbizwa kwenye barabara za wote huku helikopta zikitangulia kuonya, iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021 ilikimbizwa kwenye njia zilizofungwa. Nairobi Expressway yenye kilomita 27 na kikomo cha kilomita 80 kwa saa si uwanja wa majaribio. Nawe abiria, ukiona mshale unapanda, mwambie dereva akushushe kwenye kituo cha petroli kilicho karibu. Nauli ya teksi ni nafuu.

Ukikuta ajali kama hiyo, usimvute majeruhi kwa mkono au miguu isipokuwa gari limeshika moto. Mshikilie kichwa kisigeuke, ongea naye, na ubonyeze jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi bila kuachilia. Piga 999 au 112, utaje barabara, jengo au kituo kilicho karibu, na upande gari lilikokuwa likielekea. Kwenye barabara zilizotenganishwa kati, ambulensi ikitumwa upande usio wake hulazimika kwenda mbali sana kabla ya kupata mahali pa kugeuka.