MIGUU YANIUMA: JE, NIACHE MAZOEZI?

Kila muhula mpya uanzapo, uwanja wetu hujaa watu siku ya kwanza ya mazoezi. Siku ya tatu nusu yao hawaonekani. Ukiwauliza, jibu ni lile lile: "Aa, miguu imekufa, bwana! Hata kuchutama msalani siwezi." Wengine husema ati wameteguka. Nimeona heri nilieleze jambo hili, kwani naamini tunapoteza wanamichezo hodari kwa sababu ya maumivu ambayo si ugonjwa.

Hebu tuyatazame maumivu yenyewe. Unaruka kichura, unachuchumaa na kuinuka, unapanda ngazi mbio. Jioni unakula ugali wako vizuri na kulala. Kesho yake ndipo mambo huanza! Maumivu haya huingia kati ya saa 12 na 24 baada ya mazoezi, huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua na kwisha kabla ya juma moja hivi. Huuma mapaja na mashavu ya miguu, tena miguu yote miwili. Ukitulia huyasikii sana. Ukisimama au ukishuka ngazi, utakunja uso.

Chanzo ni nini? Wengi hulaumu asidi ya laktiki. Ni kweli asidi hiyo hutengenezwa misuli inapofanya kazi ngumu, lakini huondoka katika muda wa saa moja au mbili hivi. Sasa itakuumizaje keshokutwa? Mnamo mwaka 1902, mtaalamu wa Marekani aitwaye Theodore Hough alieleza kwamba maumivu ya namna hii hutokana na michaniko midogo sana ndani ya misuli yenyewe. Michaniko hiyo haionekani kwa macho. Mwili huipelekea maji na seli za kukarabati, misuli huvimba kidogo, na neva za mahali hapo huwa nyepesi kuhisi uchungu. Kwa hivyo, siku unayolia ndiyo siku mafundi wako kazini.

Jambo la kushangaza ni kwamba kinachochana misuli zaidi si kupanda, bali kushuka. Unapochuchumaa pole pole, misuli ya mapaja hurefuka huku imebeba uzito wako. Kukimbia mteremkoni ni vivyo hivyo. Chukua mbio za marathoni za Boston, ambazo Mkenya Ibrahim Hussein alishinda mwaka 1988, akimpita Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja tu, na kuwa Mwafrika wa kwanza kuzishinda. Mbio hizo huanzia Hopkinton na kuishia mahali palipo chini kwa mita 140 hivi. Mtu angedhani huo ni mserereko! Kumbe asiyezoea kushuka hulipia mapajani atakapofika kwenye vilima vya Newton.

Sasa sikieni habari njema. Misuli ikishaumia mara moja na kupona, hujikinga. Ukirudia zoezi lile lile baada ya juma moja au mawili, maumivu huwa machache mno, na kinga hiyo hudumu kwa majuma kadhaa. Anayetoroka siku ya tatu amekwisha kulipa nauli, kisha anashuka garini kabla ya kufika! Akirudi muhula ujao, atalipa upya.

Basi ufanye nini? Kwanza, anza kidogo. Juma la kwanza chuchumaa mara 8, pumzika, rudia mara 8 nyingine, basi. Fanya hivyo siku mbili kwa juma, ukiacha siku mbili au tatu katikati. Juma la pili fanya mara 10, na la tatu uongeze mzunguko mmoja. Haba na haba hujaza kibaba. Pili, ukiumwa usilale kitandani kutwa nzima. Tembea au kimbia taratibu, kwani misuli ikipata joto uchungu hupungua kwa muda. Kukandwa pole pole pia husaidia. Kujinyoosha si vibaya, lakini usitarajie kutakuondolea maumivu haya. Tatu, kula vyakula vya kujenga mwili: githeri, ndengu, mayai, maziwa, omena. Nne, lala. Vijana wa umri wetu wanahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, kwa hivyo wale wa kupiga domo baada ya taa kuzimwa wajue wanajiibia wenyewe.

Hata hivyo, dalili ya mvua ni mawingu. Maumivu makali yanayokuja ghafla katikati ya zoezi, yanayokaa kwenye kiungo kama goti, yanayovimbisha mguu mmoja au kukuzuia kuukanyagia, hayo si ya kuvumilia. Mwone nesi. Na iwapo misuli inauma kupita kiasi, imelegea kabisa, na mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, kimbia hospitalini siku hiyo hiyo! Hiyo ni ishara kwamba misuli imevunjika kwa wingi na uchafu wake umeingia katika damu. Figo zaweza kuharibika. Usijitibu kwa vidonge vya kuua maumivu ili urudi uwanjani.

Ndiyo maana nawasihi manahodha wetu, na walimu wetu kwa heshima, msimwamrishe mgeni kuruka kichura mara mia siku ya kwanza, iwe kwa mazoezi au kwa adhabu. Huko si kumkomaza. Ni kumfukuza, na pengine kumdhuru.

Nanyi mnaoanza, mtaka cha mvunguni sharti ainame, hata kama kuinama kwenyewe kunauma kwa siku tatu. Tuonane uwanjani siku ya nne.